Probox au Honda Fit: Ipi Itakufaa?

Leo tunapima magari mawili ya mtumba kutoka Japani: Toyota Probox na Honda Fit ya toleo la kwanza.

Fit ilitoka mwaka 2001, Probox mwaka 2002. Probox ya cc 1500 ina nguvu za farasi zipatazo 109. Fit ya cc 1300 ina 86. Ukisikia hivyo utasema Probox imeshinda. Subiri kwanza, uliza: gari litafanya kazi gani?

Mfanyabiashara anayepeleka mahindi mjini ahesabu mzigo. Probox iliundwa kuwa gari la kazi: ikiwa na watu wawili mbele, hubeba kilo 400, yaani magunia manane ya kilo 50. Kwenye Probox za mwanzo, gia boksi ya otomatiki ina gia nne za kawaida, na mafundi wengi wanaijua.

Fit ni gari la familia. Ni nyepesi na hainywi sana mafuta, jambo kubwa kwetu hapa Malawi tunaojua foleni za petroli. Tangi lake liko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo nyuma kuna nafasi kubwa kuliko unavyodhani. Lakini fungua boneti uhesabu plagi: injini ina silinda nne, plagi nane. Siku ya kubadilisha, unanunua seti mbili.

Gia boksi ya Fit ni ya CVT, inayotumia mkanda wa chuma. Inataka oili yake maalumu. Ukitia oili yoyote tu, unaiua. Kabla ya kulipa, washa gari likiwa baridi, weka D, achia breki taratibu. Likitetemeka au kushtuka linapoondoka, usilipe mpaka fundi wako alikague.

Nayo Probox ichunguzwe chini: chasi, springi na shokamzoba. Nyingi zimebebeshwa mizigo mizito tangu Japani.

Kwa biashara ya mizigo, chukua Probox. Kwa safari za kazini na kupeleka watoto shule, Fit yenye gia boksi nzima inatosha. Ndugu msikilizaji, rangi inayong'aa isikuharakishe: nenda na fundi unayemwamini, na ulinganishe namba ya chasi na ile iliyo kwenye karatasi kabla hujatoa hata kwacha moja.