Katazo Peke Yake Haliulindi Uhai
Hotuba kwa viongozi wa walei, Morogoro



Ndugu wapendwa, wajumbe wa Halmashauri za Walei, makatekista, akina mama wa WAWATA na viongozi wa jumuiya ndogondogo,

Wengi wenu mmetuletea swali moja: je, sheria kali za kukataza utoaji mimba zinalisaidia taifa kuuheshimu uhai, au zinaikwamisha kazi hiyo? Juu ya tendo lenyewe, mafundisho ya Kanisa yako wazi: uhai wa binadamu ni mtakatifu tangu kutungwa mimba. Hilo hatulijadili leo. Tunalojadili ni njia ya kuulinda uhai huo.

Wenzetu wa Marekani wamelipima swali hili kwa miaka mingi. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya nchi ile iliamua kwamba utoaji mimba ni haki ya kikatiba. Watetezi wa uhai wakagawanyika. Wako waliotaka kila jimbo litunge katazo lake bila kungoja, na wako walioonya kwamba katazo linalowatangulia watu litarudisha kazi nyuma. Mwaka 2018 jimbo la Mississippi lilikataza utoaji mimba baada ya wiki 15. Kesi ya sheria hiyo ikafika Mahakama ya Juu, na tarehe 24 Juni 2022 hukumu ya 1973 ikatenguliwa. Basi, katazo la jimbo moja liligeuza sheria ya taifa zima. Lakini Agosti mwaka ule ule wananchi wa Kansas walipiga kura kukataa kuipunguza haki ya kutoa mimba, na Novemba 2023 wale wa Ohio wakaiandika haki hiyo katika katiba ya jimbo lao. Ushindi ulipatikana mahakamani, nao mioyo ya watu haikuufuata.

Kwetu Tanzania Bara hali ni nyingine. Katazo tunalo tangu enzi za Waingereza. Kanuni ya Adhabu inaweka kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba, na hadi miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe. Inamkinga daktari anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama. Kwa hiyo hatuwezi kusema tunangoja sheria. Sheria ipo, na bado wasichana wanatoa mimba gizani, na wengine hawarudi hai. Tukumbuke pia kwamba mwaka 2007 nchi yetu iliridhia Itifaki ya Maputo, inayotaka utoaji mimba wa kitabibu uruhusiwe katika hali kama ya kubakwa. Mjadala wa kuibadili sheria hautakwisha, na wanaotaka ibadilishwe watatuonyesha makaburi ya mabinti hao. Tutawajibu nini?

Wazee wa milima ya Uluguru wanalo la kutufundisha. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwaamuru Waluguru wachimbe matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Kusudi halikuwa baya, kwani udongo ulikuwa ukiporomoka kweli. Lakini watu waliletewa amri na adhabu, faida hawakuiona. Mwaka 1955 ghasia zikazuka, na mpango ule ukaachwa. Lakini kule Mgeta, mkulima wa mboga anayatunza matuta yake bila kusukumwa na askari, kwa kuwa yanamlisha yeye na wanawe. Jambo jema likiletwa kwa fimbo peke yake, watu huichukia fimbo na jambo lenyewe pamoja.

Sasa tujitazame. Kwa miaka mingi binti wa shule aliyepata mimba alifukuzwa, na Juni 2017 Rais John Magufuli alitamka hadharani kwamba hatarudi katika shule ya serikali. Hivyo sauti moja ya mamlaka ilimwambia binti: ukiitoa mimba, utafungwa. Sauti ya pili ikamwambia: ukiilea, masomo yako yamekwisha. Katazo la pili lilimsukuma kuvunja la kwanza. Tarehe 24 Novemba 2021 Wizara ya Elimu iliufungua mlango, na binti akapewa nafasi ya kurudi ndani ya miaka miwili. Tunasema bila kusita kwamba hatua ile iliulinda uhai.

Na sisi Kanisani je? Ndugu, hapa hatuna budi kuungama. Katika parokia moja tuliyohudumu, binti wa kwaya alionekana mjamzito. Tulimwondoa kwenye kwaya, na jina lake likatajwa mbele ya waamini. Mama yake akavuliwa uongozi wa jumuiya. Kijana aliyempa mimba aliendelea kuketi benchi la mbele, na hakuna aliyemwuliza neno. Baada ya majuma machache tuliitwa usiku kumpaka yule binti mafuta ya wagonjwa. Alipona, mtoto hakuwepo tena. Tulikuwa tumehubiri dhidi ya utoaji mimba kila mwaka, na siku ile tulitambua kwamba nasi tulimsindikiza njiani.

Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1995 juu ya Injili ya Uhai, alifundisha kwamba lawama haimwangukii mama peke yake. Inamgusa baba wa mtoto, jamaa na marafiki pia. Naye Papa Fransisko, mwaka 2016, aliwapa mapadre wote mamlaka ya kudumu ya kuwaondolea dhambi hiyo wanaotubu. Mlango wa Kitubio uko wazi. Asiwepo wa kumzuia mtu pale mlangoni.

Hatusemi sheria ifutwe. Tunasema sheria isiyo na jamaa nyuma yake ni tuta lililochimbwa kwa hofu: mvua kubwa italibomoa. Na sisi tunao msingi. Kwa mila ya Kiluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, naye mjomba ana wajibu juu yake. Hakuna mtoto asiye na kwao. Mila hiyo na Injili zinasalimiana.

Basi tunaomba mambo matatu. Jina la binti mjamzito lisitangazwe tena kanisani. Kila jumuiya iwachague akina mama wawili wa kumsindikiza hadi ajifungue na arudi shule. Na mwanamume aliyehusika aitwe, awajibike.

Maswali ya kujadili katika jumuiya:

1. Binti wa mwisho kupata mimba kwetu alipokelewa na nani?
2. Ni desturi gani kwetu inayomfanya aogope kuizaa mimba yake?
3. Tutafanya nini kabla ya Kwaresima ijayo?

Mungu, mpaji wa uhai, awabariki. Amina.