BANDARI NI AMANA, NA MWENYE AMANA ANA HAKI YA KUULIZA

(Haya ni mawaidha tuliyoyatoa mbele ya waumini wa Masasi mjini, kisha tukayarudia Newala baada ya swala ya Magharibi. Tumeyaandika kwa ombi la wale waliokosa kuhudhuria.)



Shukrani zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu katika imani, wapo miongoni mwenu watakaoshangaa kumwona mwalimu wa madrasa ameacha somo la twahara na kusimama kuzungumza habari za bandari. Masasi ni mji wa mawe na miembe, hauna bahari. Newala iko juu ya uwanda, na mtu akisimama pale Shimo la Mungu huona bonde la Ruvuma na upande wa pili Msumbiji, haoni meli. Basi bandari inatuhusu nini?

Inatuhusu kwa njia ya gunia. Mkulima hupalilia, hupuliza salfa, huokota, huanika, hupeleka korosho chama cha msingi, zikapimwa, zikaenda ghala kuu, zikapigwa mnada. Tangu utaratibu wa stakabadhi ghalani uanze kwetu mwaka 2007, kila mmoja wenu amekwisha kuijua safari hiyo, na makato yake anayajua zaidi. Lakini mnunuzi anayesimama mnadani haangalii rangi ya korosho peke yake. Kichwani mwake amekwisha kupiga hesabu ya lori, ya kontena, ya tozo za bandari, na ya siku ambazo shehena itakaa ikisubiri meli. Kila shilingi inayopotea bandarini kwa uzembe au kwa wizi, mnunuzi huitoa katika bei anayotutajia sisi. Hatumlaumu kwa hilo, kwani ndivyo biashara ilivyo. Tunachosema ni kwamba bandari ikiharibika, mama wa Kitangari ndiye anayelipa, naye hajui kwamba amelipa.

Bandari zetu za bara zinaendeshwa na shirika la umma, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, ikirithi Mamlaka ya Bandari iliyokuwepo tangu mwaka 1977, ilipovunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwenye mali ni sisi, wananchi. Lakini wananchi wote hawawezi kukaa katika meza moja, kwa hiyo ikawekwa bodi. Mwenyekiti wa bodi huteuliwa na Rais, na wajumbe huteuliwa na Waziri mwenye dhamana. Bodi ndiyo jicho la mwenye mali ndani ya nyumba. Mkurugenzi anaendesha, bodi inamwangalia, Waziri anaiangalia bodi. Pembeni yuko Msajili wa Hazina, anayeshika hisa na mitaji ya serikali katika mashirika. Yuko Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye kazi yake imetajwa katika Katiba yenyewe. Na liko Bunge, lenye kamati inayoshughulikia uwekezaji wa mitaji ya umma. Ukihesabu macho hayo yote utasema nyumba hii haiwezi kuibiwa.

Lakini tuangalie yaliyotokea. Hatutataja majina ya waliosimamishwa, kwa kuwa kusimamishwa si hukumu, na kumvunjia mtu heshima yake kwa jambo lisilothibiti ni dhambi. Tutataja matukio.

Agosti 2012, Waziri wa Uchukuzi wa wakati ule, Dk. Harrison Mwakyembe, alimsimamisha mkurugenzi mkuu wa mamlaka hiyo. Februari 2015 Waziri mwingine, marehemu Samuel Sitta, akamsimamisha aliyefuata. Mwishoni mwa mwaka huohuo 2015, Waziri Mkuu wa wakati ule Kassim Majaliwa, jirani yetu wa Ruangwa, aliingia bandarini Dar es Salaam bila kutangaza. Kwanza zikasikika habari za makontena 349 yaliyotoka bila kulipiwa kodi. Siku chache baadaye yakatajwa makontena 2,387 yaliyopita kati ya Machi na Septemba 2014 bila kulipiwa tozo ya bandari. Desemba ileile Rais John Magufuli akaivunja bodi na kutengua uteuzi wa mkurugenzi mkuu. Tarehe 28 Machi 2021, siku tisa tu baada ya kuapishwa, Rais Samia Suluhu Hassan alipokea ripoti ya Mkaguzi Mkuu, na palepale akaagiza mkurugenzi mkuu asimamishwe ili uchunguzi ufanyike, kwa kuwa ripoti ilionyesha ubadhirifu wa shilingi bilioni 3.6. Julai 2022 mkurugenzi mkuu mwingine akaondolewa.

Mara tano ndani ya miaka 10.

Watu wengi hufurahi wasikiapo habari kama hizi. Husema: serikali ina meno. Nasi hatukatai kwamba kumwondoa mwenye tuhuma nzito ni jambo jema. Lakini tunauliza: makontena 2,387 ni mengi kiasi gani? Mkiyapanga kichwa kwa mkia, yale madogo tu yanakaribia kilometa 15. Hayo hayapiti chini ya meza, ndugu zangu. Yalipita kwa miezi saba, na katika miezi hiyo bodi ilikuwepo, mkaguzi wa ndani alikuwepo, wizara ilikuwepo. Ikawa hakuna jicho lililoona mpaka aje Waziri Mkuu kwa miguu yake. Sasa Waziri Mkuu ni mmoja, na milango ya nchi hii ni mingi.

Tulipokuwa tukisoma masomo ya juu, mwalimu wetu alitupitisha katika kitabu cha Imamu al-Mawardi juu ya hukumu za utawala, na mlango wake wa mwisho ni mlango wa hisba, yaani usimamizi wa masoko, mizani na njia za watu. Jambo lililotukaa moyoni ni tofauti anayoiweka baina ya kadhi na muhtasib. Kadhi husubiri mlalamikaji amfikie. Muhtasib hasubiri, bali huzunguka, huangalia na hukagua hata kama hakuna aliyelalamika. Na katika mambo anayoyataja ni kwamba muhtasib huwazuia wenye vyombo vya bahari wasipakie kupita uwezo wa chombo. Tazameni: karibu miaka elfu moja iliyopita, mwanachuoni wa Baghdad amekwisha kumweka msimamizi bandarini kabla chombo hakijazama. Pia anatofautisha aliyeteuliwa na aliyejitolea. Aliyejitolea anaweza kushughulika na jambo jingine akaliacha hili. Aliyeteuliwa hana ruhusa hiyo, kwani imekuwa faradhi juu yake yeye binafsi, na kwa kazi hiyo analipwa.

Mjumbe wa bodi ya shirika la umma ni muhtasib aliyeteuliwa. Anapokea posho ya kikao. Akikaa kikaoni akagonga muhuri juu ya zabuni ambayo hakuisoma, hawezi kesho kusema mkurugenzi alinidanganya. Kwa mtazamo wetu, hapa ndipo penye ugonjwa, kuliko kwa mkurugenzi. Kwetu mkurugenzi husimamishwa mbele ya kamera, bodi huvunjwa kwa mstari mmoja wa taarifa, na wajumbe wake hurudi nyumbani bila ya kuulizwa neno: uliona nini, ulinyamaza kwa nini, na ni kikao gani ulichouliza swali hata moja?

Na usimamizi wa kusubiri balaa una madhara mengine. Mkurugenzi ajaye huanza upya, na mikataba iliyokwisha kusainiwa haingojei. Mnakumbuka habari ya kampuni ya TICTS, iliyokodishwa kitengo cha makontena cha Dar es Salaam mwaka 2000 kwa miaka 10. Kabla muda huo haujaisha, mwaka 2005 wakaongezewa hadi miaka 25. Bunge likaja kupinga nyongeza hiyo mwaka 2008. Limepinga baada ya wino kukauka. Kampuni ile iliendelea mpaka mwaka 2022.

Mwaka 2023 ukaja mjadala wa DP World ya Dubai, ambao nyote mliusikia. Bunge liliridhia makubaliano ya nchi na nchi tarehe 10 Juni 2023, na mikataba ikasainiwa Dodoma tarehe 22 Oktoba 2023 kwa baadhi ya magati ya Dar es Salaam, kwa miaka 30, utendaji ukipimwa kila baada ya miaka mitano. Kwa masikitiko makubwa, wako waliotaka kuufanya mjadala ule kuwa wa dini: huyu anaunga mkono kwa sababu ni Mwarabu, na huyu anapinga kwa sababu ni Mwarabu. Sisi tuliosoma kwa Kiarabu tuliulizwa sana msimamo wetu, kana kwamba lugha tuliyosomea ndiyo hoja. Jibu letu lilikuwa, na bado ni, kwamba mkataba hauna kabila. Maswali ni yaleyale kwa kila mpangaji, awe wa Dubai, wa Hong Kong au wa Tandahimba: analipa nini, nani anahesabu, na akishindwa anaondokaje? Hicho kipimo cha miaka mitano ni kizuri sana kikipimwa. Cha kwanza kitafika mwaka 2028 au pale karibu. Tuulize wakati huo matokeo yametangazwa wapi.

Tuje kwenye bandari yetu ya Mtwara. Hii ina historia inayofundisha. Gati la kina kirefu lilijengwa na Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya mradi wao wa karanga, pamoja na reli ya kwenda Nachingwea. Mradi ule uliendeshwa na shirika la umma la Uingereza, na wakaguzi walipofika kwenye hesabu zake walisita kuzithibitisha. Ulipokufa mwaka 1951 ulikuwa umeteketeza takribani pauni milioni 36. Mapema miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Wazee wetu wachache bado wanaonyesha ilipopita. Bandari ikabaki peke yake kwa miongo mingi, kina kizuri, meli chache.

Machi 2017 Rais Magufuli aliweka jiwe la msingi la gati jipya la mita 300, mradi wa shilingi bilioni 157 na zaidi, na gati hilo limekwisha kujengwa. Serikali pia imeagiza kwamba korosho za kusini zisafirishwe kupitia Mtwara badala ya kupelekwa Dar es Salaam kwa malori. Tunashukuru. Lakini agizo si meli. Gati likiwa refu na kontena tupu zikakosekana katikati ya msimu, korosho zitalala ghalani, na zikilala, malipo ya mkulima nayo hulala. Hapo ndipo kangomba anapopita mlangoni usiku na fedha taslimu, anachukua kwa bei ya dhulma, na mzazi anauza kwa sababu ada ya mtoto haisubiri. Basi swali la nani anasimamia bandari linafika mpaka kwenye daftari la madrasa yetu, maana msimu ukivurugika, watoto huondoka darasani.

Juni 2024 mashirika ya umma yalikabidhi gawio lao kwa serikali mbele ya Rais, na watu wakapiga makofi. Ni vyema. Ila gawio peke yake si ushahidi wa uadilifu. Duka linaweza kuleta faida huku muuzaji anaiba, kwa sababu tu duka liko njia panda. Bandari ni duka la njia panda. Ushahidi uko katika hesabu zilizokaguliwa, na ripoti ya Mkaguzi Mkuu juu ya mashirika ya umma hutolewa kila mwaka, imeandikwa kwa Kiswahili pia, na si siri. Tunawaomba vijana wetu wenye simu waisome ukurasa unaohusu bandari, kisha wamuulize mbunge anapokuja kuzindua kisima: hoja ile ya mwaka jana imejibiwa?

Mzee mmoja wa Newala, tulipomaliza kusema haya, alisimama akauliza swali ambalo hatukulitarajia. Alisema: "Shekhe, umesema vizuri juu ya Dar es Salaam. Je, daftari la mchango wa bati za madrasa yenu limesomwa lini?"

Tulinyamaza kidogo. Ukweli ni kwamba lina misimu miwili halijasomwa mbele ya watu. Hakuna kilichoibiwa kwa tunavyojua, lakini hilo ndilo neno analolisema kila mkurugenzi siku ya kwanza. Tulimwomba mzee yule radhi hadharani. Daftari litasomwa Ijumaa ijayo baada ya swala ya Alasiri, ukurasa kwa ukurasa pamoja na risiti, na yeye ndiye tuliyemwomba alishike.

Wabillahi tawfiq.