Ukuta Wangu na Njia ya Jirani: Mazungumzo Niliyoyatoa Southall juu ya Mji wa Zanzibar

Mimi si mpimaji wala si mtaalamu wa mipango miji. Nimefanya kazi ya mabomba kwenye majengo ya nchi hii kwa miaka mingi, basi. Nikikosea mtanisahihisha, lakini niacheni kwanza nimalize.

Najua humu ndani tuna watu wa CCM na tuna wa upinzani. Leo naomba vyama vibaki nje pamoja na viatu.

Nimeombwa nizungumzie ardhi ya mji wetu, lakini nitaanza na hapa tulipo kwa sababu mfano uko nje ya mlango. Mliokuja kwa treni mmeyaona maghorofa mapya baina ya reli na mfereji. Pale palikuwa na kiwanda cha gesi. Wakongwe wa Southall wanalikumbuka tangi lake kubwa lililoandikwa herufi LH, kuwaonyesha marubani njia ya Heathrow wasije wakatua Northolt kwa makosa. Tangi limeshavunjwa. Mwaka 2010 Meya wa London aliidhinisha mradi wa nyumba 3,750 mahali pale, mwaka 2014 ukatoka mpango wa kuliendeleza eneo zima la Southall, na mwaka 2022 zikaanza treni za Elizabeth.

Je, wenyeji walifurahi? Wengi hawakufurahi. Udongo wa kiwanda ulipokuwa ukisafishwa walilalamika miaka juu ya harufu, wakaunda kikundi, wakaandamana, wakagonga milango ya wakubwa. Wapo wanaouliza mpaka leo nyumba zile ni za nani, ikiwa watoto wao waliozaliwa hapa hawana uwezo wa kuzinunua. Mzee mmoja wa Kihindi ninayenunua mihogo kwake, mzaliwa wa Kisumu na Kiswahili chake kizuri kuliko cha wanangu, aliniambia, "Bwana, tulipinga, wakajenga." Kwa hiyo sisemi kuwa watu wa Southall walishinda. Nasema walikuwa na kitu cha kushika mkononi wakati wa kupinga: tangazo lililofungwa kwenye nguzo ya taa, siku 21 za kutoa maoni, nambari ya faili, na ramani inayosema hapa njia, hapa skuli, hapa bustani. Ikiwa mjenzi ataila bustani, yupo mtu wa kusimama na kusema, "Mbona uliandika?"

Sasa twendeni kwetu. Tuna mazoea ya kusema Zanzibar haina mpango. Si kweli hata kidogo. Lanchester alituandikia mpango mwaka 1923. Ukaja wa Kendall, uliochapishwa 1958. Baada ya Mapinduzi wakaja Wajerumani wa Mashariki na mpango wa 1968, halafu Wachina na wa 1982. Karibu kila kizazi anakuja mgeni na karatasi kubwa, anaitandika mezani, anakunywa chai, anaondoka. Ramani tunazo. Aliyekosekana ni mkaazi wa Ng'ambo aliyeulizwa.

Nyumba ya bibi yangu ilikuwa Ng'ambo, ya udongo na miti, na baraza mbele. Ilibomolewa kupisha majumba ya Michenzani. Wapo watakaosema Mzee Karume alituletea maisha ya kisasa, na wapo watakaosema alivunja mtaa uliokuwa na watu wake. Bibi alisema yote mawili, kutegemea siku. Alipenda maji ya bomba ndani ya nyumba, na alichukia ngazi. Lakini alikuwa na neno moja asiloliacha: "Hawakunijia." Yaani hakuna aliyepiga hodi akamwambia, bibi, tunataka kufanya kadha wa kadha, unasemaje? Katika miaka ya 2010 Serikali ilifanya mradi wa Ng'ambo Tuitakayo, ikishirikiana na mji wa Amsterdam, na safari ile watu waliulizwa khasa mabaraza yao yako wapi na wanathamini nini. Nilifurahi. Bibi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

Lakini sikuja hapa kulaumu wakubwa tu, hilo tunalijua sote. Nimekuja kusema jambo litakalotuudhi.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Ya 2022 ilihesabu 893,169. Karibu laki tatu zaidi katika miaka kumi! Hawakuhamia Mji Mkongwe wale. Wameingia mashambani: kwenye mikarafuu, minazi na mihogo, kwenye zile eka tatu walizopewa wazee baada ya Mapinduzi. Mwenye eka anakata vipande, anauza kimoja kimoja kwa karatasi ya mkono na mashahidi wawili. Sheria ya 1992 inasema ardhi yote ni ya umma chini ya Rais na mtu ana haki ya kuitumia tu, lakini sokoni hujui hilo, unaona bei. Na mnunuzi mwenye fedha taslimu ni nani? Ni mimi. Ni wewe uliyefanya zamu mbili Heathrow ukatuma pauni.

Mimi nilinunua kipande mashariki ya mji. Sikuuliza kama kimepimwa. Niliuliza bei na kama umeme uko karibu. Nilijenga kwa simu. Nyumba ilikwisha sijaiona. Nikaogopa wezi, nikamwambia fundi aweke ukuta wa ua mpaka ukingoni kabisa mwa kipande. Jirani aliyenikabili naye yuko nje kama mimi, akaogopa wezi wale wale, akafanya vivyo hivyo. Kilichobaki baina yetu ni njia ya baskeli.

Mwaka aliougua mama yangu gari halikufika mlangoni. Walimchukua kwa kitanda, wanaume wanne, wakipita ubavu ubavu baina ya kuta mbili mpaka barabarani, na mvua inanyesha. Alifika hospitali akapona, alhamdulillahi, akaishi miaka mitatu zaidi. Lakini nimeambiwa kuwa walipokwama pale penye kona, kilichowazuia ni nguzo ya geti langu. Nguzo nzuri, ina taa juu.

Na mimi ni fundi bomba, ndugu zangu! Ninajua shimo la choo likae mbali na kisima. Unguja tunakunywa maji ya chini, mawe yetu ni ya matumbawe yenye matundu, unachomwaga juu kinashuka. Nyumbani kwangu shimo liko wapi? Nilipokwenda nilipima kwa hatua zangu mwenyewe: hatua kumi na moja kutoka kisima cha jirani. Kazi kama ile hapa Uingereza ningeikataa.

Kwa hiyo tunapodai kuwa Serikali itupangie mji, na tudai, tujue kuwa mahali pa njia, skuli na mtaro wa maji tunapajaza sisi kwa matofali yetu. Siku Serikali itakapokuja kupitisha njia italazimika kubomoa, na sisi tutakuwa wa kwanza kupiga kelele kuwa tunaonewa.

Nina ombi dogo. Kabla hujatuma fedha ya kipande, mtake muuzaji akuonyeshe ramani ya upimaji, na mtume mtu ofisi ya ardhi akaulize. Ikiwa umeshajenga, watafute majirani. Wengi wetu tunaojenga mtaa mmoja kule tunaishi miji ya jirani huku, tunakutana kwenye harusi na hatuzungumzi habari ya njia.

Mimi nimeshaanza. Fundi amekubali kurudisha ukuta wangu mita mbili masika yakimalizika, na geti lile linaondoka. Jirani yangu anayenikabili yumo ukumbini humu, safu ya tatu, na sitamtaja kwa sababu ananiangalia vibaya. Kaka, mchoro nimeuleta, uko mezani pale pa chai, chini ya chupa ya maziwa. Kwako nimekuandikia mita moja na nusu tu. Mwenyekiti, nimemaliza.