Hakiki Faili Kabla ya Kuibandika Orodha

Orodha ya basari ikitoka Lodwar kwa flashi, inaweza kupitia mikono mingi kabla ya kubandikwa kwa chifu. Jina moja likifutwa njiani, kuna mtoto atakayekosa karo. Itajulikanaje?

Kila faili ina cheksamu, yaani alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo. Ile ya SHA-256 ina herufi na tarakimu 64. Koma moja ikibadilishwa, alama hubadilika kabisa. Kwenye kompyuta yenye 7-Zip, programu ya bure, mtumiaji hubofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, huchagua CRC SHA, kisha SHA-256. Alama ikitokea, huinakili kwa Ctrl na C.

Mtumaji aitume alama hiyo kwa SMS, si kwenye flashi ileile, kwani anayebadilisha faili anaweza kubadilisha na alama. Mpokeaji akokotoe yake, alinganishe. Zikitofautiana, orodha isibandikwe, itumwe upya. Zikilingana, faili ni ileile iliyotoka Lodwar. Kosa lililokuwemo tangu mwanzo cheksamu haitalionyesha. Hilo ni la macho ya wazazi.