Masharti ni Heshima ya Mgeni na Mwenyeji

(Hotuba ya Mwenyekiti wa Kikundi katika sherehe ya kutimiza miaka kumi)



Tulianza na sanduku la funguo tatu na daftari moja. Leo tuna nyumba ya wageni yenye vyumba vinne, iliyojengwa kwa hisa zetu wenyewe hapa Bugomora. Historia ya kikundi ataisoma Katibu. Mimi nitasema jambo moja tu ambalo bado linatugawa: masharti ya mgeni anayetaka kushika chumba, au kubuku kama wasemavyo vijana.

Wageni wapo. Mwaka 2019 Serikali iliyapandisha mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika kuwa Hifadhi za Taifa, ndizo Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Pale Murongo ni mpaka wa Uganda. Wanapita watalii, wanunuzi wa kahawa, na watoto wetu wanaorudi nyumbani Krismasi.

Wapo wenzetu wanaosema kumdai mgeni fedha kabla hajafika ni aibu, si desturi ya Wanyambo. Nawaheshimu, maana nami nimelelewa hivyo hivyo. Lakini tutofautishe. Kahawa ya kutafuna tunampa mgeni bure, na tutaendelea kumpa. Kitanda ni hisa za wanachama.

Mwaka jana kundi moja lilipiga simu, likashika vyumba vyote vinne kwa siku tatu. Tukanunua mchele, tukaagiza mbuzi, tukawarudisha wageni wengine wawili mlangoni. Wale hawakuja, wala simu hawakupokea. Hasara ile iliingia kwenye gawio la kila mama, hata la yule mjane anayeweka hisa moja moja kila wiki. Makubaliano ya mdomo nayo ni makubaliano, lakini kuyathibitisha ni kazi.

Sasa basi, kamati inapendekeza haya:

La kwanza, kianzio. Chumba kitashikwa kwa nusu ya bei. Fedha italipwa kwenye namba ya kikundi, si kwenye simu ya mwanachama yeyote, hata mimi Mwenyekiti. Mweka Hazina atatoa risiti na kuandika siku ile ile. Mali bila daftari hupotea bila habari.

La pili, kughairi. Mgeni akighairi zikiwa zimebaki siku 14 au zaidi, arudishiwe kianzio chote. Zikiwa zimebaki siku 7 hadi 13, arudishiwe nusu. Chini ya siku 7, kianzio kinabaki, maana chakula kimeshanunuliwa na kumpata mgeni mwingine ni vigumu. Tuchukue mfano: bei ya siku mbili ni Sh. 60,000, kianzio ni Sh. 30,000. Akighairi zimebaki siku 10, tunamrudishia Sh. 15,000. Hapo hakuna ubishi.

La tatu, majanga. Mnakumbuka Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa wilayani Bukoba, ukatangazwa kwisha Juni 2. Januari 2025 ukatangazwa tena, safari hii Biharamulo, ukatangazwa kwisha Machi 13. Mgeni aliyeogopa kuja Kagera wakati ule si tapeli. Ugonjwa wa mlipuko ukitangazwa mkoani, au mvua ikikata barabara, mgeni achague mwenyewe: arudishiwe fedha au asogeze tarehe.

La nne, bei. Tutataja bei kwa shilingi za Tanzania. Kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutaja bei za humu nchini kwa fedha za kigeni, kwa hiyo anayeingia Murongo na shilingi za Uganda abadilishe kwanza. Tena tuseme bei inabeba nini: kitanda, maji ya moto na chai ya asubuhi. Kiingilio cha hifadhi hakimo, hicho mgeni anakilipa TANAPA mwenyewe.

La tano, muda. Kuingia ni kuanzia saa 8 mchana, kutoka ni saa 4 asubuhi. Kila mgeni ataandikwa katika kitabu cha wageni, na yaliyoandikwa mle si ya kupigia soga kisimani.

La sita ndilo baadhi yenu hamlitaki: masharti yatufunge na sisi. Tukimkosesha mgeni chumba tulichomwahidi, tumrudishie fedha yote na tumtafutie mahali pa kulala. Kama huko ni ghali zaidi, tofauti tuilipe sisi. Mmesema ni mzigo. Ni kweli, ni mzigo. Lakini jamani, katika sanduku letu mwanachama akichelewa analipa faini, na Mwenyekiti akichelewa analipa faini hiyo hiyo. Sanduku limedumu miaka kumi kwa sababu hiyo.

Mwisho, masharti haya asomewe mgeni kabla hajalipa, kwa Kiswahili chepesi, kisha atumiwe kwa ujumbe wa simu naye ajibu kwamba amekubali. Sharti linalotolewa baada ya fedha kupokelewa ni mtego, na sisi hatukujenga nyumba ile kuwa mtego.

Kura tutapiga kikao kijacho. Anayepinga aje apinge mbele ya wenzake, asiseme njiani. Hata wale wa hisa moja wana kura sawa na wenye hisa nyingi.

Kidumu kikundi chetu!