Mwanga Ndani ya Goroli: Kuchora Vitufe vya Kioo kwa GIMP



Kabla hatujagusa kompyuta, naomba kila mmoja achukue goroli ya buluu iliyo mezani kwake na kuiinua usawa wa dirisha. Juu, upande unaopokea mwanga, kuna doa jeupe lenye ukingo mkali. Katikati rangi imekolea. Chini, mahali ambapo tungetarajia giza, rangi inawaka. Mwanga umeingia kwa juu, ukapinda ndani ya kioo, ukakusanyika upande wa pili. Kitufe cha kioo hujengwa kwa mambo hayo matatu, na aliyeyaona kwa macho yake hana haja ya kukariri hatua za mtu mwingine.

Mtindo huu ulivuma tangu Januari 2000, Steve Jobs alipoonyesha Aqua, sura mpya ya kompyuta za Apple, mjini San Francisco. Mwaka 2013 iOS 7, mfumo wa simu za Apple, ikaleta sura bapa, wengi tukadhani kioo kimekwisha. Juni 2025 Apple haohao wakakirudisha kwa jina la Liquid Glass.

Tutatumia programu ya kuchora ya GIMP kwa kuwa ni ya bure. Chora mstatili wa pikseli 400 kwa 120, viringisha pembe, kisha ujaze mpito wa rangi: buluu iliyokolea juu, buluu ya maji chini. Kwenye leya ya pili weka duaradufu jeupe upande wa chini, ulififishe mpaka kingo zipotee. Huo ndio mwanga uliokusanyika.

Leya ya tatu ni mng'ao wa juu, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Ufunike nusu ya juu tu, uache pikseli 3 au 4 kutoka ukingoni, uanze na weupe wa asilimia 70 hivi, ushuke hadi 10. Mkato wake wa chini usiufifishe hata kidogo. Mng'ao huo ni taswira ya dirisha, na dirisha lina ukingo. Ukiufifisha, kioo kinageuka kipande cha sabuni.

Maandishi yakikaa chini ya leya hiyo, yanaonekana yamo ndani ya kioo. Yakikaa juu yake, yanaonekana yamechapwa. Mimi huyapendelea ndani, ila sharti yasomeke: WCAG, kiwango cha ufikivu wa kurasa za wavuti, kinataka uwiano wa 4.5 kwa 1 kati ya herufi za kawaida na rangi iliyo nyuma yake. Mng'ao ukizimeza herufi, punguza mng'ao. Kuna mtu atakitafuta kitufe hicho akiwa juani, simu mkononi, anataka kulipa nauli.

Kimebaki kivuli. Wengi hukitia weusi mtupu. Sasa wekeni goroli zenu juu ya karatasi nyeupe, karibu na dirisha, mtazame kivuli chake: kina ubuluu, na katikati yake pana doa la mwanga. Tuanze kuchora na hilo doa.