Kambi ya Sayansi Isiyo na Ada: Nani Atakayelipa?



Mwezi wa Juni, shule zinapofungwa, mikorosho ya Masasi na Newala huelekea kuchipua na kutoa maua. Ndipo ubwiriunga nao unapoingia. Asubuhi za baridi na umande unga mweupe huonekana juu ya machipukizi, na maua yaliyoshikwa nao hukauka bila kuzaa. Mtoto wa mkulima huuona unga huo kila mwaka, na huwaona wazazi wake wakipuliza salfa. Lakini ni watoto wangapi walioonyeshwa kwa kioo cha kukuzia kwamba unga huo ni kuvu, yaani kiumbe hai chenye kuzaana? Kitabu cha sayansi kimo shuleni na ugonjwa umo shambani. Kinachokosekana ni mahali pa kuvikutanisha.

Mahali hapo paweza kuwa kambi ya sayansi ya siku kumi za likizo, kwa watoto wa darasa la sita hadi kidato cha pili. Januari 2016 Serikali iliondoa ada ya shule hadi kidato cha nne. Lakini likizo haina mpango wa namna hiyo. Mwenye uwezo humpeleka mwanawe tuisheni, na asiye na uwezo hubaki na wake nyumbani. Kwa hiyo kambi ikitoza hata ada ndogo, itawakosa wale wale iliyokusudiwa kuwasaidia.

Hata hivyo, neno "bure" halina maana kwamba hakuna anayelipa. Wanaushirika wa Rochdale, Uingereza, walioanza na duka dogo mwaka 1844, baadaye walitenga asilimia mbili na nusu ya ziada yao kwa ajili ya elimu. Leo elimu ni kanuni ya tano ya ushirika duniani, na kuijali jamii ni kanuni ya saba. Basi kambi kama hii si sadaka ya chama. Ni kazi yake.

Wakulima wa Kusini wanaijua gharama ya ujinga na faida ya elimu. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya korosho tani zipatazo 145,000. Msimu wa 1986/87 hazikufika tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi: watu kuhamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ndogo, kuvunjwa kwa vyama vikuu mwaka 1976, na ubwiriunga wenyewe. Watafiti wa Naliendele, karibu na Mtwara, walisaidia kulifufua zao hili kwa mafunzo ya salfa, kupogolea na miche bora, na msimu wa 2017/18 korosho zilizidi tani 300,000. Watafiti nao walikuwa watoto wa shule siku moja.

Sasa hesabu. Uchukuliwe mfano wa chama kilichokusanya kilo 600,000. Shilingi 2 kwa kila kilo ni shilingi 1,200,000. Watoto 40 wakila kwa shilingi 1,500 kila siku kwa siku kumi, chakula ni shilingi 600,000. Walimu wanne wakipewa posho ya shilingi 10,000 kwa siku, ni shilingi 400,000. Zinabaki shilingi 200,000 za madaftari, vioo vya kukuzia na vipimajoto. Mwanachama aliyeuza kilo 400 atakuwa ametoa shilingi 800. Aliyeuza kilo 4,000, shilingi 8,000. Kila mmoja huchangia kwa kadiri ya mavuno yake.

Lakini mkulima wa korosho ameona makato mengi, na si yote aliyoelezwa. Kwa sababu hiyo mambo matatu ni ya lazima.

Kwanza, mkutano mkuu uamue kabla ya msimu kufunguliwa. Ikiwapo ziada ya kutosha baada ya akiba ya kisheria, fedha zitoke humo. Isipokuwapo, wanachama wapigie kura kiwango cha kila kilo. Shilingi 2 zilizokatwa kimya kimya ni dhuluma, hata kama zimemnunulia mtoto daftari.

Pili, fedha zitengwe mara malipo ya korosho yanapoingia mwishoni mwa mwaka, ziandikwe katika hesabu yake peke yake, na matumizi yasomwe mbele ya wanachama. Fedha zikiachwa katika mfuko wa jumla, Juni itakuta zimekwisha. Akiba haiozi, lakini isiyoandikwa hupotea.

Tatu, watoto wachaguliwe na walimu wao kwa uhitaji na bidii, wasichana kwa wavulana, na majina yabandikwe hadharani. Mtoto wa kibarua wa palizi, ambaye baba yake hana hata mkorosho mmoja, asiachwe nje. Mtoto wa mjumbe wa bodi asitangulizwe.

Yupo atakayesema hana mtoto wa umri huo. Huyo naye ana mikorosho, na mikorosho itahitaji watu wanaoifahamu.

Ndugu Makatibu, kazi ya kwanza ni ndogo: kuiandika hoja hii katika ajenda ya mkutano mkuu ujao, pamoja na hesabu yake, ili mwanachama aamue akiwa anajua.